Seva ya ndani, vishikwambi, intaneti au karatasi: shule ianze na ipi?

Shule ikipata fedha kidogo za vifaa, ziwe za wazazi, za mfadhili au za mradi wa halmashauri, kikao cha walimu hugawanyika haraka. Mmoja anataka vishikwambi kwa sababu shule ya jirani wanavyo. Mwingine anataka projekta na bando la mwezi. Mwalimu wa TEHAMA amesikia kuna kompyuta ndogo inayoenea kiganjani na inabeba Wikipedia nzima bila intaneti. Na mwalimu anayeshika maktaba, ambaye kabati lake lina vitabu vya kiada vilivyochanika na hadithi chache, anataka vitabu vya watoto kusoma, basi.

Wote wanne wana hoja. Maudhui ya bure yapo mengi siku hizi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: hadithi, video, mazoezi, majaribio ya sayansi, ensaiklopidia. Kinachogombaniwa ni njia ya kuyafikisha kwa mtoto. Hapa naziweka njia hizo nne pamoja, kwa vigezo vile vile, nikifikiria shule ya umma ya Tanzania au Kenya yenye watoto wengi, walimu wachache na hela ya kubana.

Kabla ya vifaa, ruhusa

Kuna maudhui unayoruhusiwa kusoma tu, na kuna yale unayoruhusiwa pia kudurufu, kutafsiri na kugawa. Hilo la pili ndilo UNESCO wamekuwa wakiliita rasilimali huria za elimu tangu mwaka 2002, na Novemba 2019 nchi wanachama zikapitisha pendekezo rasmi la kuziunga mkono. Uhuria wake unatoka kwenye leseni, na leseni inayotumika zaidi ni ya Creative Commons. Ukiona CC BY, tumia utakavyo mradi umtaje mwandishi. Ikiongezwa NC, usifanye biashara. Ikiongezwa ND, usibadilishe chochote, hata kutafsiri. Ikiongezwa SA, ulichokibadilisha kitoe kwa leseni ile ile.

Mfano wa karibu ni Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Vitabu vya kiada unavisoma humo bila kulipa, lakini hiyo si ruhusa ya kuvipeleka steshenari vikatolewe kopi mia. Hadithi za StoryWeaver, jukwaa lililoanzishwa na Pratham Books ya India mwaka 2015, zina leseni ya CC BY, kwa hiyo unaweza kuzichapa leo. Mwalimu akilielewa hili mapema, nusu ya maswali ya njia ya nne hapa chini yanakuwa yameshajibiwa.

Vigezo

Cha kwanza ni umeme na intaneti: njia inahitaji kiasi gani, na umeme ukikatika katikati ya kipindi inakuwaje. Cha pili ni gharama ya kuanza, pamoja na ile ya kila mwezi au kila mwaka ambayo ndiyo huua miradi. Cha tatu ni lugha na mtaala. Cha nne, wanafunzi wangapi wanahudumiwa kwa wakati mmoja, kwa maana darasa la watoto themanini si jambo la ajabu kwetu. Cha tano ni usimamizi: nani ana ufunguo wa kabati, nani anachaji, nani anajua neno la siri, na akihamishwa nani anashika nafasi yake.

Hicho cha tano hakionekani kwenye bei ya muuzaji yeyote, nami ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Kifaa kisicho na mtu wala nafasi kwenye ratiba kitaishia stoo, kiwe cha bei gani.

1. Seva ya ndani isiyohitaji intaneti

Kompyuta moja inahifadhi maudhui yote na kurusha waifai ya humo humo shuleni. Mwanafunzi anafungua kivinjari kwenye kishikwambi au kompyuta, anaandika anwani iliyobandikwa ukutani, anasoma. Programu tatu zinatumika sana. Kolibri imetengenezwa na Learning Equality, watu wale wale waliotoa KA Lite mwaka 2012 ili video za Khan Academy, masomo ya bure ya mtandaoni, ziangaliwe bila mtandao. Kiwix, iliyoanza 2007, inabeba Wikipedia na tovuti nyingine ndani ya faili moja. RACHEL ya World Possible hukusanya maudhui ya aina nyingi kwenye kisanduku kimoja.

*Umeme na intaneti.* Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, ikiendesha kazi hii hutumia wati chache tu, kwa hiyo sola ndogo na betri vinatosha hata pale ambapo nguzo za umeme hazijafika. Intaneti unaihitaji siku ya kujaza maudhui, na siku hiyo iwe mahali penye kasi: Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100. Ya Kiswahili, pamoja na makala zake zaidi ya 80,000, ni ndogo na inaingia kwenye memori kadi ya kawaida. Tahadhari moja kubwa: umeme ukikatika ghafla wakati seva inaandika, memori kadi inaweza kuharibika. Weka betri au pawa benki katikati, izime kwa utaratibu, na uwe na kadi ya pili iliyonakiliwa, imefungiwa ofisini.

*Gharama.* Seva yenyewe ni rahisi. Hata kompyuta mpakato ya zamani yenye Windows inaiendesha Kolibri, na programu hizi hazilipiwi. Gharama kubwa iko kwingine, kwa sababu seva haina skrini za wanafunzi. Shule yenye chumba cha kompyuta kilichokaa bure kwa kukosa intaneti imeshavuka kikwazo hicho. Tanzania, vishikwambi ambavyo serikali iligawa kwa walimu baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 vinaweza kufungua seva hii bila kutumia bando, na mwalimu akaandalia somo lake hapo. Malipo ya kila mwezi hayapo.

*Lugha na mtaala.* Menyu za Kolibri zipo kwa Kiswahili, na ndani yake kuna masomo ya Khan Academy kwa Kiswahili pamoja na hadithi za watoto. Hata hivyo sayansi na hisabati za juu ziko zaidi kwa Kiingereza, jambo ambalo sekondari ya Tanzania inalimudu kwa kuwa ndiyo lugha yake ya kufundishia, ila shule ya msingi ya serikali itabanwa. Maudhui hayaji yamepangwa kwa mada za TET wala za KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya. Mwalimu lazima akae achague: hii inafaa Kidato cha Pili, hii ina mifano ya dola na maili nitaiacha. Kazi hiyo ni ya jioni nyingi. Na kwa kuwa Tanzania ilianza kutekeleza mitaala mipya Januari 2024, orodha iliyopangwa kwa mtaala wa zamani inabidi ipitiwe upya.

*Wanafunzi kwa wakati mmoja.* Kusoma maandishi ni kazi nyepesi, lakini video hulemea waifai ya Raspberry Pi darasa zima likizifungua pamoja. Ruta ya pembeni husaidia. Idadi halisi itategemea skrini ulizonazo.

*Usimamizi.* Hapa Kolibri ina kitu ambacho njia nyingine tatu haziwezi kukitoa kirahisi. Kila mwanafunzi ana jina lake la kuingilia, na mwalimu anaona nani amefanya zoezi lipi. Ukifungua ukurasa wa ripoti ukakuta watoto saba wamekwama kwenye swali lile lile la hesabu za sehemu, kesho unaanzia hapo. Kwa darasa kubwa hilo ni jambo la thamani sana, maana kusahihisha madaftari themanini kila siku hakuwezekani. Upande wa pili, lazima awepo mtu anayejua kuongeza mtumiaji, kubadilisha neno la siri na kunakili kadi. Wafundishwe wawili, asiachiwe mmoja.

*Inamfaa nani.* Sekondari na vyuo vya ualimu vyenye kompyuta lakini visivyo na mtandao wa uhakika, na maktaba yoyote yenye wasomaji wanaotafuta majibu ya maswali yao wenyewe.

2. Vishikwambi vyenye maudhui ndani

Hakuna seva hapa. Kila kishikwambi kinabeba programu na vitabu vyake, na mtoto anakwenda kwa kasi yake.

Mfano mkubwa tulionao kwa Kiswahili ulifanyika mkoani Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka programu tano za fainali, za kumwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe, kwenye vijiji takribani 170, kwa watoto karibu 3,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu za Kitkit School na onebillion ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10, na kwa masharti ya shindano programu zote tano, za Kiswahili na Kiingereza, zilitolewa huria pamoja na msimbo wake. Yeyote anaweza kuzichukua.

Matokeo hayo yanatia moyo, na nayaamini. Lakini wanaoyataja kwenye vikao hupenda kuruka kipande kimoja: vijiji vile vilijengewa vituo vya kuchajia kwa sola, kukawa na watu wa kuvihudumia. Usinunue nusu ya kwanza ya mradi ule ukaiacha ya pili.

*Umeme na intaneti.* Intaneti si lazima. Umeme ndio mtihani. Kishikwambi kimoja kinavuta karibu wati 10 kikichaji, kwa hiyo arobaini kwa pamoja ni wati 400 kwa saa mbili tatu, kila siku ya shule. Ekstensheni za kuunganishwa moja juu ya nyingine ni hatari ya moto. Tafuta fundi akufungie kabati lenye soketi zake.

*Gharama.* Ni njia ghali kuliko zote nne kuanza, na inaendelea kula. Tundu la chaja hulegea, kioo hupasuka, betri hupoteza nguvu baada ya miaka michache. Bajeti isiyo na fungu la kubadilisha vifaa kila mwaka haijakamilika, na kamati ya shule iambiwe hivyo kabla ya kupiga kura.

*Lugha na mtaala.* Kwa kusoma, kuandika na kuhesabu kwa madarasa ya awali, njia hii ina maudhui mazuri ya Kiswahili yenye sauti. Mtoto anasikia herufi, anaifuatisha kwa kidole, akikosea anarudia bila kuchekwa. Ukipanda madarasa ya juu, maudhui ya Kiswahili yanapungua haraka na kishikwambi kinabaki kuwa kabati la PDF.

*Wanafunzi kwa wakati mmoja.* Kimoja kwa mtoto, au kimoja kwa wawili. Kinachowezekana kwenye shule zetu ni zamu. Malawi wanatumia onecourse, programu ya onebillion, kwa mtindo huo, darasa la kwanza hadi la nne, kila kundi likipata muda mfupi kwa siku kisha linapisha jingine.

*Usimamizi.* Huu ndio mzigo. Namba iandikwe kwa rangi nyuma ya kila kifaa, mtoto achukue namba ile ile kila siku, na daftari la kutoa na kurudisha lisainiwe. Programu zingine zifungwe, la sivyo michezo itaingia. Kuhesabu wakati wa kugawa na kuhesabu wakati wa kukusanya hula dakika nyingi za kipindi mpaka watoto wazoee. Wizi nao unahitaji nondo na mlinzi. Shule ambayo haiko tayari kwa haya yote itavifungia vifaa kwa kuogopa hasara, na mtoto hatavigusa.

*Inamfaa nani.* Madarasa ya awali yenye watoto waliochelewa kusoma, shule yenye umeme wa kuaminika, mwalimu wa zamu na chumba kinachofungwa. Pia mwanafunzi mwenye uoni hafifu, ambaye kukuza herufi kwenye skrini kunamfungulia ukurasa ambao kitabu cha kawaida hakimwonyeshi.

3. Intaneti moja kwa moja, mwalimu na projekta

Mwalimu ana simu au kompyuta mpakato, bando na projekta. Anafungua somo, darasa zima linaangalia. Walimu wengine wameshaanza hivi bila kuuita mradi.

*Umeme na intaneti.* Vyote viwili vinahitajika wakati wa kipindi, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Mwalimu mzoefu hupakua usiku, anaweka kwenye fleshi, asubuhi anaonyesha bila mtandao. Chumba kinahitaji pazia pia: mwanga wa saa sita mchana unaila picha ya projekta ya bei nafuu mpaka watoto wa nyuma hawaoni kitu.

*Gharama.* Kuanza si ghali sana, ila bando halina mwisho. Fanya hesabu hii. Video ya dakika kumi kwa ubora wa wastani inakula karibu MB 50. Wanafunzi arobaini wakiifungua kila mmoja kwenye kifaa chake, ni GB 2 kwa kipindi kimoja. Ikionyeshwa mara moja kwa projekta, ni MB 50 zile zile. Ndiyo maana intaneti ya shule ndogo inafaa iishie kwenye meza ya mwalimu. Na bando lilipwe na shule; mwalimu asitoe mfukoni mwake kila wiki.

*Lugha na mtaala.* Kigezo hiki njia ya tatu inakipita vizuri kuliko seva na vishikwambi. Maktaba Mtandao ya TET na Kenya Education Cloud ya KICD zinafuata mtaala wa nchi husika, na toleo jipya likitoka liko hapo hapo. Shule Direct ina masomo ya sekondari ya Tanzania yaliyoandaliwa na walimu wa hapa hapa. Kwa sayansi kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa 2002 na mwanafizikia Carl Wieman: majaribio ya kuchezesha kwenye skrini, mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Shule isiyo na maabara inaweza kuonyesha saketi ya umeme ikiwaka taa, waya ukichomolewa ikazimika, na wanafunzi wakabishana kwanza itatokea nini kabla mwalimu hajabofya. Kipindi cha namna hiyo nakithamini kuliko video yoyote.

*Wanafunzi kwa wakati mmoja.* Darasa zima. Hakuna njia ya kidijitali inayofikia watoto themanini kwa fedha ndogo namna hii. Lakini wanaangalia zaidi kuliko wanavyofanya, na mtoto aliyebaki nyuma atabaki nyuma asipoulizwa.

*Usimamizi.* Kifaa kimoja, mwalimu mmoja, hakuna kuhesabu. Kinachotakiwa ni kujiandaa na kuchuja mapema, maana mtandao wazi mbele ya watoto unaleta pia matangazo na picha usizozitaka.

*Inamfaa nani.* Walimu waliopo tayari na moyo wa kuandaa masomo, shule za mjini au zilizo chini ya mnara wa simu, na masomo yanayodai kuonekana: jiografia, biolojia, fizikia.

4. Maudhui huria kwenye karatasi

Wengine watauliza kama karatasi ni teknolojia ya kidijitali. Hadithi imeandikwa mtandaoni, imetafsiriwa mtandaoni, imepakuliwa na kuchapwa kijijini. Sehemu ya kidijitali imefanywa na mwalimu, na mtoto anashika kitabu.

Chanzo kikubwa kwetu ni African Storybook, iliyoanzishwa 2014 chini ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Ina hadithi kwa Kiswahili, na pia kwa lugha kama Kimaasai, Kiturkana na Kiganda, na inamruhusu mwalimu kuandika hadithi mpya au kutafsiri iliyopo.

*Umeme na intaneti.* Siku ya kupakua na kuchapa tu, tena mjini. Baada ya hapo mtoto anasoma chini ya mwembe au kwa taa ya sola nyumbani.

*Gharama.* Hadithi ya kurasa 16 za ukubwa wa A5 inachukua karatasi nne za A4 zilizochapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati. Rimu moja ya karatasi 500 inatoa vitabu 125. Hiyo ni hadithi kumi na mbili, nakala kumi kila moja, na karatasi za ziada zinabaki. Wino ndio unaoumiza, kwa hiyo chagua hadithi zenye michoro ya mistari. Picha za rangi nzito zikichapwa nyeusi na nyeupe hugeuka madoa. Stapla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, pitisha sindano na uzi wa nailoni, funga fundo kwa nje, kisha weka jalada la manila. Vitabu vilivyoshonwa hivi vinavumilia mikono ya darasa la pili vizuri kuliko vilivyopigwa pini, ambazo hushika kutu na kuchana karatasi.

*Lugha na mtaala.* Kwa usomaji wa awali, na kwa mtoto ambaye lugha ya nyumbani si Kiswahili, sijaona njia inayokaribia hii. Haitoshelezi masomo ya sekondari, wala haisemi kwa sauti. Tena angalia leseni: hadithi nyingi za African Storybook ni CC BY, nyingine zina NC, kwa hiyo shule ikitaka kuuza nakala kwa wazazi isome kwanza ukurasa wa mwisho.

*Wanafunzi kwa wakati mmoja.* Wengi kadiri ya nakala, na kitabu kinakwenda nyumbani. Hili la kwenda nyumbani ni kubwa. Mdogo wake atakisoma, na bibi atasomewa.

*Usimamizi.* Daftari la mistari lenye namba ya kitabu, jina, darasa na tarehe. Mwalimu yeyote anaweza kulirithi bila mafunzo. Maktaba ya vitabu mia tatu haihitaji programu. Koha, programu huria ya maktaba iliyoanzia New Zealand mwaka 1999, iachiwe chuo au shule yenye maelfu ya vitabu. Adui ni mchwa na paa linalovuja, basi rafu isiguse ukuta wala sakafu.

*Inamfaa nani.* Shule ya msingi isiyo na umeme, maktaba inayoanza, na kamati yenye fedha za rimu chache.

Utafiti wa Kisumu

Mwaka 2013, ndani ya PRIMR, programu ya kuboresha usomaji na hisabati shule za msingi nchini Kenya, shule za Kisumu ziligawanywa makundi. Kundi moja, maofisa wanaowatembelea walimu walipewa vishikwambi. La pili, walimu wenyewe. La tatu, wanafunzi walipewa visomeo vya kielektroniki. Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wale wa shule za kulinganishia, lakini baina ya makundi yenyewe tofauti haikuwa ya maana, ilhali gharama zilipishana sana. Tusome, programu ya usomaji iliyofuata nchi nzima, ikawapa wanafunzi vitabu vya karatasi na vishikwambi ikawapa maofisa.

Sisomi hapo kwamba kifaa cha mwanafunzi ni upotevu. Tanga inaonyesha vingine, ila kule watoto wengi hawakuwa na mwalimu kabisa. Ninachokisoma ni kwamba pale mwalimu alipo, fedha ya kwanza inayomsaidia yeye kufundisha hufika mbali.

Kulingana na hali yenu

Kama shule haina umeme na watoto wa darasa la pili hawasomi, chapeni. Anzeni na hadithi kumi na mbili, wekeni kipindi cha maktaba kwenye ratiba, vitabu vitoke kwenda nyumbani. Sola ikija, ongezeni seva.

Kama ni sekondari yenye chumba cha kompyuta kisicho na intaneti, seva ya ndani itakirudishia uhai chumba hicho kwa fedha kidogo. Teueni walimu wawili, mmoja wa sayansi na mmoja wa lugha, wapewe vipindi vichache pungufu muhula wa kwanza ili wapange masomo kwa mada za mtaala.

Kama mko mjini, mtandao upo na madarasa yamejaa, projekta moja inayohamishika na bando linalolipwa na shule litawafikia wengi zaidi kwa kuanzia. Nunueni na pazia.

Kama mfadhili ameshaamua kuleta vishikwambi, msikatae, ila mjadiliane naye kabla ya mzigo kufika. Ombeni vifaa vipungue kidogo na fedha hiyo iende kwenye kabati la kuchajia, mafunzo na vipuri. Ombeni pia viwe na Kolibri au Kiwix, ili visibaki na programu moja tu ambayo mradi ukiisha nayo inakwisha. Na kama shuleni kuna mtoto mwenye uoni hafifu, vishikwambi viwili vitengwe maktaba kwa ajili yake, visiingie kwenye zamu.

Mchanganyiko nao unawezekana, na shule ya wastani itafika huko ndani ya miaka michache: karatasi kwa madarasa ya chini, seva kwa ya juu, projekta kwa mwalimu. Kenya, mradi wa kidijitali wa shule za msingi ulioanza 2016 ulipeleka vifaa vya wanafunzi, kompyuta za walimu, projekta na seva ya maudhui kwa pamoja. Kwa shule inayojitegemea nashauri kimoja kwanza, kikae mwaka mzima kwenye ratiba, na daftari la matumizi lioneshe kinatumika siku ngapi kwa wiki. Kamati ikutane na daftari hilo mezani ndipo ichague cha pili.